Jovin Ameitwa

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo kila mtu ana ombi lake. Hakuna aliyepanga, imekuja tu hivyo. Mzee Thadeus huombea wasafiri, kwa kuwa watoto wake wote wako mbali. Mimi huombea wagonjwa. Dominika, ambaye tunamwita Mama Calvin kwa jina la mtoto wake wa kwanza, huombea miito. "Ee Bwana, utupe mapadre, mabruda na masista watakatifu kutoka katika familia zetu." Ameomba hivyo miaka yote, Alhamisi kwa Alhamisi, macho ameyafumba, na sisi tunaitikia, "Twakuomba utusikie." Tukishaitikia tunakwenda nyumbani kukamua.

Tumekuwa majirani tangu tulipoolewa huku Kilema. Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na changu vimetenganishwa na mfereji wa maji tu. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa, na hawezi kukaa bila kushika kitu. Ukimpa kiti atatafuta maharage ya kuchambua. Mumewe Basili alifariki watoto wakiwa bado wadogo, akazikwa hapo hapo kihambani kati ya migomba. Dominika akalea mwenyewe. Calvin akaenda Dar es Salaam, sasa ana duka la vifaa vya ujenzi na nyumba yake. Victoria akaolewa akashuka Kiboriloni, anauza ndizi pale sokoni. Akabaki Jovin.

Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na mama. Wakubwa watapewa pao au watatafuta, lakini wa mwisho huachiwa nyumba ya mama na kaburi la baba. Ni jambo ambalo halizungumzwi, kama vile watu wasivyozungumza kwamba mvua inatoka juu. Jovin naye alikua hivyo. Alipogoa kahawa, alishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, alikamua asubuhi na jioni, Jumapili aliimba besi kwaya. Si mtu wa maneno. Akina mama wenye mabinti walikuwa wanamsalimu kwa sauti tamu zaidi kuliko walivyotusalimu sisi.

Mwaka juzi, kahawa zilipoanza kuwa nyekundu, nilikuwa pale bandani siku aliposema. Nilikuwa nimefuata maziwa. Jovin alikuwa anakamua, mama yake anasuuza chombo.

"Mama," akasema bila kugeuka, "ile sala yako ya Alhamisi."

"Imefanyaje?"

"Nafikiri imenipata."

Dominika akacheka. "Imekupata wapi, mgongoni?"

"Nataka kwenda monasteri, mama. Niwe bruda."

Dominika akaendelea kusuuza kile chombo, ingawa kilikuwa kimeshatakata. Kisha akauliza, "Bruda. Hata padre hapana?"

"Hapana. Bruda. Wale wa kusali na kufanya kazi. Kuna monasteri huko kusini."

"Kazi gani?"

"Wana mashamba. Wana ng'ombe."

"Wana ng'ombe." Akaweka chombo chini. "Kwa hiyo Mungu anakutoa kwenye ng'ombe wa mama yako, akupeleke kusini ukakamue ng'ombe wa wengine. Huku hakuoni?"

"Hata mimi nimemuuliza hivyo hivyo."

"Akakujibu nini?"

"Hajibu, mama. Ananiita tu."

Akatueleza, kwa yale maneno yake machache. Alikuwa amekwenda kwenye semina ya vijana hapo parokiani, akaja bruda mmoja akazungumza nao. Wengine walisinzia. Yeye tangu siku hiyo hakupata raha. Alisema ni kama mtu amekuja kusimama mlangoni kwako. Habishi hodi, hasemi kitu, lakini unajua yuko. Ukikata majani yuko. Ukila yuko. Alikuwa amemvumilia mtu huyo zaidi ya mwaka, akidhani ataondoka.

Dominika akanigeukia. "Mama Monica, umesikia?"

Nimesikia, nikasema.

"Mimi sitaondoka bila maziwa yako," Jovin akamwambia mama yake. "Ukisema nibaki, nabaki, wala sitakununia."

Nieleze hapa kidogo. Wazee wetu, mtoto akienda safari kubwa ya maisha, mzazi huchukua funda la maziwa akamtemea kidogo kifuani, na hiyo ndiyo baraka. Mapadre wa zamani hawakupenda, wa sasa wanatuachia. Mtoto akiondoka bila maziwa hayo, popote atakapokwenda atahisi baridi kifuani. Jovin aliposema vile alikuwa anampa mama yake heshima yake yote. Lakini mimi nilimtazama Dominika nikaona amebebeshwa mzigo. Maana Mungu alikuwa ameita, na kijana alikuwa ameshaitika, na jibu likabaki mdomoni mwa mama.

Nikaenda na Dominika kwa padre. Ni padre kijana, paroko msaidizi, mpole sana, ana umri wa kuweza kuwa mtoto wetu.

"Padre," Dominika akamuuliza, "mtu anajuaje kama ni Mungu anaita, na si kijana tu amechoka na jembe?"

"Wito unapimwa, mama. Kwa muda, kwa sala, kwa matunda yake. Na huko anakokwenda watampima miaka kabla hajaweka nadhiri."

"Yeye watampima. Na mimi nani atanipima?"

Padre akasema, "Wewe ni mjane na huyu ndiye anayekutunza. Kanisa halikulazimishi."

"Sijasema linanilazimisha, padre. Nimeuliza nifanye nini."

"Endelea kusali, mama."

"Kusali ndiko kulikonifikisha hapa," akasema Dominika, wala hakusema kwa ubaya.

Aliendelea kusali kweli. Alianza pia kutafuta ishara. Ng'ombe mmoja alikuwa na mimba, akamwambia Mungu: ndama akiwa jike, Jovin aende, akiwa dume, abaki. Akazaliwa dume. Alifurahi mpaka akanipikia mtori wa ndizi na nyama. Lakini Jumapili akaja kwangu baada ya misa, uso umemshuka. "Ni mimi niliyepanga jike liwe nini na dume liwe nini. Yeye hakuniambia tupange hivyo." Ishara ya ndama ikaishia hapo.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba Jovin hakubadilika. Hakukasirika, hakugoma, hakuacha majani yakanyauka. Aliamka vilevile, akafanya kazi zote, akamuuliza mama yake kama amelala salama. "Angekuwa mkorofi ningejua la kufanya," aliniambia. "Ningemfukuza, aende na laana yake. Lakini ananitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke."

Desemba wakapanda wote, kama ilivyo kawaida yetu. Wachagga hata wawe wapi, Krismasi lazima wale nyumbani. Mambo yakazungumzwa pale uani, pombe ya mbege ikizunguka. Alikuwepo Calvin na mkewe, Victoria, na Jacob, mdogo wa marehemu Basili, ambaye kihamba chake kiko hapo juu. Victoria alianza kwa utani. "Huyu haitwi na mtu. Anaogopa mahari."

"Dada," Jovin akamjibu, "yako tulishaila zamani, na bado kila wiki unakuja kumchukulia mama ndizi."

Watu wakacheka, hata Dominika. Kisha Calvin akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuagiza, "Mama, mbona rahisi. Jovin aende, ng'ombe tuuze, wewe uje Dar ukae na wajukuu."

"Na baba yako nimwache na nani?"

"Mama, baba ni marehemu."

"Ndiyo maana hawezi kuhama."

Jacob akakohoa, akasema tutazungumza tena. Lakini wote tunajua jinsi Desemba ilivyo. Mwaka mpya ulipoingia magari yakashuka, na kihamba kikabaki kimya, yeye na Jovin na ng'ombe. Kule monasteri walikuwa wanamtaka afike kabla ya Kwaresima.

Basi ndipo Mzee Thadeus alipoingiwa na huruma. Huyu mzee alikuwa katekista maisha yake yote, na Kiswahili chake ni kile cha kitabu cha misa. Alimwona Dominika amekonda, akaona afadhali Victoria aje akae na mama yake siku chache, amsaidie kufikia uamuzi. Akatembea na fimbo yake mpaka kwenye ukuta wa shule ambako mtandao unashika, akampigia.

"Victoria, binti yangu, jikaze," akasema. "Mungu amemwita Jovin. Na mama yako hali yake si nzuri. Panda nyumbani."

Alikuwa na mengi ya kuongeza, lakini salio likaisha.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa kwa nini Victoria hakuuliza. Lakini huku kwetu hakuna anayepewa habari ya kifo waziwazi kwenye simu. Huambiwa jikaze. Huambiwa panda nyumbani. Wala hasemwi mtu kuwa amekufa, husemwa Mungu amemwita. Na anayeambiwa haulizi, maana kuuliza ni kumlazimisha mwenzako kutamka. Victoria alipiga simu ya Jovin, ikawa haipatikani. Jovin alikuwa parokiani kwenye siku ya ukimya, simu ameizima. Kwake Victoria ule ulikuwa ndio uthibitisho. Wanawake wa sokoni wakafunga meza zao wakamshika, wakajitwisha mikungu ya ndizi na mchele, wakakodi gari la kupanda Kilema. Kabla gari halijaondoka alikuwa ameshampigia Calvin. Calvin akampigia baba yake mdogo. Yaani Jacob, anayekaa kihamba cha juu, habari ya jirani yake ilimfikia ikiwa imepitia Kiboriloni na Dar es Salaam. Naye hakuuliza. Alichukua panga na vijana wawili, akapitia njia ya nyuma ili asimsumbue mfiwa, akaenda kutazama mahali pa kaburi kando ya Basili.

Sisi tulikuwa uani, Dominika na mimi, tunachambua maharage. Tukasikia kilio kikipanda kutoka chini.

"Nani tena?" Dominika akasema.

"Labda yule bibi wa kwa fundi seremala. Alikuwa hali hata uji."

"Masikini. Twende." Akajifunga kanga ya pili, akakusanya yale maharage kwenye kikapu. "Tubebe na haya, watapikia watu."

Tukatoka mpaka pale getini, yeye na kikapu cha maharage ya msiba. Na kile kilio hakikupita kwenda kwa seremala. Kilikunja kona kuja kwetu. Nikawaona wanawake nisiowajua, halafu nikamwona Victoria, anabebwa na wawili, kitambaa kimemtoka kichwani. Victoria alipomwona mama yake amejifunga kanga mbili za msiba akajua hakuna tena cha kutumaini.

"Victoria?" Dominika akasema. "Ni nani, mwanangu?"

"Jovin, mama. Jovin wetu."

Dominika hakulia. Alikaa tu chini, pale pale njiani, kama mtu aliyevutwa. Maharage yakamwagika. Nilimshika kwa nyuma asianguke, nikausikia moyo wake ukipiga mgongoni. Mimi mwenyewe niliamini. Nilikuwa nimemwona Jovin asubuhi akienda, lakini pikipiki za siku hizi mnazijua. Wanawake walikuwa wanalia juu yetu, na kutoka kule nyuma ya nyumba nikasikia mgomba ukianguka, halafu wa pili.

Dominika akaanza kusema. Alimwomba Mungu kwa Kichagga, kwa sauti ndogo sana, kichwa chake kiko kifuani kwangu, kwa hiyo niliyesikia ni mimi peke yangu. "Ruwa, nirudishie. Nirudishie, umpeleke unakotaka. Nimeachia. Nirudishie tu awepo, hata nisimwone."

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Kisha nikasikia mtu anakimbia, anasukuma watu, anaita, "Mama! Mama yuko wapi?" Alikuwa Jovin. Alikuwa ametoka kanisani, mwenye pikipiki mmoja akamwambia kuna msiba kwao, na kwa kuwa kwao ni yeye na mama yake tu, alikuwa anakuja kumlilia mama. Machozi yalikuwa yamejaa usoni. Bibi mmoja alipomwona akafanya ishara ya msalaba. Mwingine akakimbilia bandani kwa ng'ombe.

Jovin alipomwona mama yake yuko hai akasimama. Wakatazamana.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Wewe," Victoria akasema.

"Mimi?"

Hapo wakaanza kucheka wale wanawake wa Kiboriloni, kicheko kile kinachotoka pamoja na machozi, wakamshika Jovin mikono na mashavu kumhakikisha. Katikati ya hayo akaingia Mzee Thadeus na fimbo na rozari, pole pole, amevaa koti lake la misibani. Naye alikuwa amesikia kuna msiba kwa Mama Calvin.

"Poleni sana," akasema. "Ni nani?"

"Babu, si wewe uliyenipigia?" Victoria akamuuliza.

"Nilikupigia. Nilikuambia Jovin ameitwa."

"Ndiyo. Ameitwa."

"Ameitwa utawani, binti yangu."

"Sasa si ungesema utawani?"

"Salio liliisha."

Wakacheka tena mpaka wengine wakakaa chini. Jacob akatokea nyuma ya nyumba, panga mkononi, mikono imejaa utomvu wa migomba, akamwona marehemu anapewa maji. Alisimama akamtazama kwa muda mrefu. "Mimi nimeshakata migomba miwili," akasema. Ilikuwa kama anataka mtu amwambie ni nani atakayelazwa pale.

Chakula kilicholetwa msibani hakirudi, kwa hiyo kikapikwa. Jumba la turubai halikufungwa, lakini masufuria yalibandikwa na watu wakala machalari ya ndizi kama harusini. Calvin alipigiwa akiwa ameshapita Chalinze. Aligeuza gari huku akitukana na kucheka. Kila mtu alikuwa anamwambia Dominika, shukuru Mungu, mama, shukuru Mungu. Na yeye alikuwa analia. Hakulia alipoambiwa mwanawe amekufa, akaja kulia mwanawe akiwa mbele yake anakula. Watu walidhani ni furaha. Baadhi yake ilikuwa furaha.

Jovin akaacha sahani, akaja kupiga magoti pale tulipokaa.

"Mama, nimeona leo. Nimeona utakavyokuwa. Siendi. Kesho nitampigia bruda nimwambie."

Dominika akanitazama juu ya kichwa cha mwanawe. Alijua nimesikia alichosema kule njiani. Alikuwa kama ananiuliza, nikainama. Angeweza kunyamaza. Mungu ndiye tu angedai, na Mungu hapigi kelele. Akamshika Jovin kichwani akasema, "Usimpigie bado."

Siku iliyofuata tukapanda tena kwa padre. Alikuwa ameshasikia kisa chote, alikuwa anajizuia asicheke, lakini alipouona uso wa Dominika akaacha.

"Padre, nilimwahidi Mungu," akamweleza. "Nilisema amrudishe, ampeleke anakotaka. Lakini mtoto alikuwa hajafa. Neno hilo linahesabika?"

Padre alifikiri. Namheshimu kwa kuwa hakuharakisha. "Mama, mtu akisema neno katika hofu kubwa namna ile, na jambo lenyewe halikuwa kweli, hafungwi nalo. Mungu si mlaghai wa kukunasa kwa simu ya Mzee Thadeus. Uko huru."

"Niko huru kabisa?"

"Kabisa."

Akamshukuru. Tukashuka mpaka kwenye daraja la mfereji, ndipo akasema, "Afadhali angenifunga."

"Kwa nini, Mama Calvin?"

"Angenifunga ningesema nimelazimishwa. Ningemlaumu Mungu, ningemlaumu Thadeus, ningelia zangu. Sasa akienda, ni mimi nimemwachia. Akibaki, ni mimi nimemshika." Akakaa kwenye ukingo. Alikuwa hana kitu mkononi, na aliviacha vidole vyake vikae tu pajani. "Unajua, pale njiani sikukumbuka kihamba. Sikukumbuka nani atanizika, wala kahawa, wala Basili. Nilitaka tu awepo mahali. Popote. Nimejiuliza, hiyo ilikuwa sauti ya Mungu? Naona ilikuwa yangu. Lakini sikuwahi kujisikia nikisema hivyo."

Nikamwambia huenda Mungu hutumia sauti hiyo hiyo tuliyo nayo, kwa kuwa hana nyingine ya kutumia ndani yetu. Nilisema tu, sina elimu ya mambo hayo.

"Na mimi nimeitiwa nini?" akauliza. "Wote wanaitwa kwenda. Mimi ni wa kubaki tu?"

Nilimshika mkono tukanyanyuka, maana jua lilikuwa linakuwa kali.

Jovin aliondoka wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Victoria alipanda, Jacob akashuka, Mzee Thadeus akaja lakini akakaa mbali kidogo, siku hizo alikuwa anaogopa kusema. Jovin alikuwa amevaa shati jeupe la kwaya. Alipiga magoti uani, na Dominika akaletewa maziwa kwenye kibuyu kidogo. Akachukua funda. Tukasubiri.

Hakuweza kutema. Midomo ilikaza, ikatetemeka, na koo likawa kama linataka kumeza kile ambacho mdomo unatakiwa kutoa. Alijaribu. Tulimwona anajaribu. Macho yalikuwa yanatuomba msaada, na kazi ile hakuna mwingine awezaye kuifanya kwa ajili ya mama. Mwisho maziwa yakaanza kumtoka yenyewe pembeni mwa mdomo, yakashuka kidevuni. Jovin akaona. Akasogea kwa magoti, akaweka kifua chake chini ya kidevu cha mama yake, na yakamdondokea pale kwenye shati, tone baada ya tone, mpaka yakaisha.

"Imetosha, mama," akasema.

"Nilitaka iwe vizuri."

"Imekuwa."

Tukamsindikiza mpaka barabara ya lami, mimi na Dominika na Victoria mwenye begi. Gari la kushuka lilikuja mapema kuliko tulivyotaka. Alipanda, akatoa mkono dirishani, na gari likakata kona ya chini pale penye migunga. Victoria akalia, akafuta uso, akapanda pikipiki kurudi kuwapikia watu waliobaki nyumbani.

Dominika akakaa kwenye jiwe kando ya lami. Nikamwambia twende, akasema, "Tangulia, nakuja." Sikutangulia. Nilikaa naye. Wanafunzi walikuwa wanatoka shule, wakipita wanatuamkia, "Shikamoo, bibi," na yeye aliitikia marahaba kwa kila mmoja, bila kuwatazama, hakumruka hata mmoja. Mama mmoja aliyebeba majani akatuuliza kama tunasubiri gari.

"Hapana," Dominika akasema. "Tumekaa tu."

Yule mama akatutazama, akaona asiulize zaidi, akaendelea na safari yake. Wingu lilikuwa limeanza kushuka kutoka msituni, na baridi yake ikatufikia miguuni kwanza.